Mwongozo kamili wa kufanya masomo ya mtandaoni yatumike kweli chuoni

Vyuo vikuu vyetu vingi tayari vina mfumo wa masomo ya mtandaoni. Ukiingia ndani utakuta orodha ndefu ya kozi, lakini ukizifungua moja moja nyingi zina jina la kozi, silabasi ya PDF iliyopakiwa zamani, na tangazo la kuwakaribisha wanafunzi ambalo hakuna aliyelijibu. Wakati huohuo masomo yanaendelea kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Huko ndiko CR, yaani kiongozi wa darasa, anakotuma vitini, tarehe za majaribio, mabadiliko ya ukumbi, hata picha ya matokeo aliyoipiga ubaoni.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa idara, mratibu wa masomo ya mtandaoni, mhadhiri aliyepewa kazi hiyo kwenye kamati, au mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu jambo hili na anataka tasnifu yake imfae mtu. Nimeuandika nikiangalia zaidi Tanzania, na mifano yangu ni ya Moodle, programu ya kuendeshea masomo ya mtandaoni, kwa sababu ndiyo inayotumika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria, na hata MUELE, mfumo wa Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda, umejengwa juu yake. Moodle ni ya bure, ilitoka kwa mara ya kwanza 2002, na mtu aliyeizoea katika chuo kimoja hapotei akihamia kingine.

Niseme msimamo wangu mapema. Kinachoamua kama mfumo utatumika ni mhadhiri, na kinachomwamua mhadhiri ni muda wake na mahali alama zinapopita. Bando, umeme na kompyuta vina uzito mkubwa na nitavieleza. Lakini chuo kinachonunua seva mpya kabla ya kugusa ratiba ya mhadhiri kitabaki na seva nzuri isiyo na watu.

Hatua ya 1: Soma kumbukumbu za mfumo kabla hujamuuliza mtu

Watu wengi huanza na dodoso. Anza na ushahidi uliokwisha kukusanywa. Mwenye ruhusa ya mwalimu anafungua kozi yake, anaingia Reports, kisha Logs. Kila mstari unaonyesha muda, jina la mtumiaji, kitu kilichofunguliwa, aina ya tukio, na mwishoni kuna safu mbili ambazo wengi hawazitazami: chanzo na anwani ya IP.

Safu ya chanzo ikiandika "web", mtu aliingia kwa kivinjari. Ikiandika "ws", mara nyingi aliingia kwa programu ya Moodle ya kwenye simu. Anwani ya IP inakuambia kama alikuwa kwenye mtandao wa chuo au alitumia bando lake. Mtu wa TEHAMA atakupa anwani za chuo kwa dakika moja. Ukizipakua kumbukumbu hizi kwenye Excel na kuzipanga kwa saa, utaona maisha ya wanafunzi wako. Maingizo mengi baada ya saa sita usiku, nje ya mtandao wa chuo, yanaashiria watu wa bando la usiku. Mengi mchana kwa anwani za chuo ni watu wanaokaa karibu na maktaba kunasa Wi-Fi. Mengi siku mbili kabla ya mtihani, na kimya wiki zote zilizotangulia, maana yake mfumo ni ghala la vitini.

Zipange kozi za idara kwa muhula mmoja uliopita katika makundi matatu. Kozi zilizolala hazina kitu kipya. Kozi za ghala zina mafaili, wanafunzi wanapakua na kuondoka. Kozi hai ni zile ambazo wanafunzi wamefanya jambo ndani yake: wamewasilisha kazi, wamejibu jaribio, wameandika kwenye jukwaa la majadiliano na wakajibiwa. Idadi ya kozi zilizofunguliwa isikudanganye, hata kama ndiyo inayopendwa kwenye ripoti za mwaka. Hesabu kozi hai.

Halafu tafuta wahadhiri wa hizo kozi hai, hata kama ni wawili tu katika idara nzima. Kaa nao. Wao wamevuka vikwazo vilevile vinavyowazuia wenzao, katika jengo lilelile, kwa umeme uleule. Majibu yao yatakufaa kuliko semina yoyote.

Hatua ya 2: Uliza watu, lakini usiwaulize mtandaoni tu

Dodoso la Google likitumwa kwenye kundi la WhatsApp litajibiwa na wenye bando siku hiyo, wenye simu janja nzuri na wanaopenda mambo ya mtandao. Ukiuliza kikwazo ni nini, waliozuiwa kabisa hawatakuwepo kwenye majibu, na utaandika ripoti inayosema hali ni nzuri. Chapisha dodoso kwenye karatasi. Ligawe siku ya jaribio la darasani, siku ambayo ukumbi unajaa.

Kwa sampuli, wengi hutumia fomyula ya Yamane: idadi ya wanafunzi unaigawanya kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara mraba wa kiwango cha makosa. Chuo chenye wanafunzi 4,000, kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5, kinahitaji watu 364. Namba hiyo itamridhisha msimamizi wako wa tasnifu. Kwa maamuzi ya idara, uzito upo kwenye nani wamo: wa mwaka wa kwanza, wanaosoma jioni baada ya kazi, wasioona na wenye uoni hafifu, waliopanga mbali na chuo, na wasio na mkopo.

Nadharia utakazokutana nazo ni mbili hasa. Mtafiti Fred Davis alionyesha 1989 kwamba watu huikubali teknolojia kwa kuangalia manufaa yake kwao na urahisi wa kuitumia. Jambo ambalo tasnifu nyingi hulipita haraka ni kwamba katika matokeo yake manufaa yalihusiana na matumizi kwa nguvu zaidi kuliko urahisi. Mwaka 2003 mtafiti Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, waliunganisha nadharia kadhaa na kubaki na mambo manne: matarajio ya faida, matarajio ya jitihada, ushawishi wa watu wanaokuzunguka, na mazingira wezeshi. Yachukue manne hayo kama ukumbusho wa sehemu za kuchungulia. Usiyageuze kuwa maswali ishirini ya "nakubali sana, nakubali, sina uhakika". Kwetu mtu mwenye adabu akiulizwa na mwalimu wake kama mfumo wa chuo ni mzuri, atakubali. Amekupa heshima, hajakupa taarifa.

Uliza juu ya tendo la mwisho. Kwa wanafunzi:

- Mara ya mwisho ulipoingia kwenye mfumo ulikuwa unatafuta nini, na ulikipata?
- Ulitumia kifaa cha nani?
- Wiki iliyopita ulinunua bando la shilingi ngapi?
- Ni kozi gani muhula huu ambayo huwezi kuifaulu bila kuingia kwenye mfumo?
- Ukisahau nywila unamwendea nani, na inachukua siku ngapi?

Kwa wahadhiri uliza wana wanafunzi wangapi katika kila kozi, wanatumia saa ngapi kusahihisha, nani huwasaidia, na ni kitu gani wangefurahi kukitua mabegani. Swali hilo la mwisho ndilo mlango. Mhadhiri akikuambia kinachomchosha ni kusahihisha majaribio ya watu 300, umepata sababu ya yeye kuutaka mfumo, na hutahitaji kumshawishi kwa maneno ya maendeleo.

Fanya pia mazungumzo ya vikundi, wanafunzi peke yao bila mwalimu wao. Wasichana wape kikundi chao. Suala la maabara ya kompyuta inayofungwa saa tatu usiku, na njia ya giza kutoka huko hadi hosteli, hulisikii kwenye dodoso wala kwenye kikundi cha mchanganyiko. Maabara inaweza kuwa na kompyuta za kutosha na nusu ya darasa bado ikashindwa kuitumia.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bando

Chukua karatasi na ukokotoe kwa kozi zako. Video inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa. Mwanafunzi mwenye kozi tano, kila moja saa tatu kwa wiki, akihudhuria zote kwa video atatumia karibu GB 6.75 kila wiki. Sauti peke yake, iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni MB 14.4 kwa saa. Saa zilezile 15 ni MB 216. Ongeza slaidi za PDF zilizobanwa hadi MB 2 kwa kila kozi na bado uko chini ya MB 250. Tofauti ya mwanafunzi anayehudhuria na asiyehudhuria mara nyingi iko hapo.

Kumbuka fedha hizo zinatoka wapi. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, na kutoka humo mtu anakula, analipa chumba na anapanda daladala. Boom, yaani fedha hizo za mkopo, likiingia, mfumo unachangamka. Wiki za mwisho kabla ya boom linalofuata, kumbukumbu zinalala. Mhadhiri asiyejua kalenda ya boom atapanga kazi ya mtandaoni yenye uzito katika wiki ambayo darasa halina hata hela ya vocha, kisha ataandika kwamba wanafunzi hawana mwamko. Na hapo tunazungumzia wenye mkopo.

Cha kufanya kwenye vifaa vya kozi:

Bana picha ndani ya PowerPoint, kisha hifadhi kama PDF. Faili la MB 90 lenye picha za kamera ya simu linaweza kushuka mpaka MB 2 au 3 bila mwanafunzi kuona tofauti kwenye kioo cha simu.

Rekodi maelezo kwa sauti, mono, vipande vya dakika kumi hivi. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Video iache kwa jambo ambalo lazima lionekane, kama utaratibu wa maabara au namna ya kushika kifaa.

Acha kupakia kurasa za vitabu zilizopigwa picha kwa simu. Ni nzito, na mwanafunzi asiyeona anayetumia NVDA, programu ya kusoma maandishi kwa sauti ambayo nayo ni ya bure, husikia kimya tu kwa sababu ukurasa ni picha, hauna maandishi. Faili la Word lililoandikwa vizuri, lenye vichwa vilivyowekwa kwa mitindo ya Word yenyewe, linasomeka kwa wote.

Wafundishe wanafunzi programu ya Moodle ya simu. Inawaruhusu kupakua kozi wakiwa kwenye Wi-Fi na kusoma baadaye bila mtandao. Kwenye mipangilio ya jaribio kuna pia ruhusa ya kulifanya nje ya mtandao kupitia programu hiyo. Majibu hupanda mtandao ukirudi. Wahadhiri wengi hawajawahi kuiona ruhusa hiyo.

Chuo kikijadiliana na kampuni ya simu ili anwani ya mfumo isikate bando, mkataba utaje waziwazi anwani zinazohusika. Video ya YouTube iliyobandikwa ndani ya kozi inatoka anwani nyingine na itamkata mwanafunzi bando kama kawaida.

Hatua ya 4: Mpe mhadhiri muda, na umwandikie

Hii ndiyo hatua inayorukwa, kwa sababu haina kitu cha kupigia picha siku ya uzinduzi.

Tazama kazi ya mhadhiri msaidizi wa kawaida. Ana kozi mbili au tatu, moja yao ya lazima kwa kitivo kizima yenye watu 300. Kusahihisha kazi moja kwa dakika 10 kila mtu ni saa 50. Ana masomo yake ya uzamivu. Anasimamia mafunzo kwa vitendo mikoani. Halafu anapewa barua kwamba kuanzia muhula ujao kozi zote ziwe mtandaoni. Kujenga kozi nzuri ya mtandaoni kunachukua wiki nyingi za kazi, na barua ile haikusema saa hizo zitoke wapi. Zaidi, anajua kwamba cheo chake kinategemea machapisho. Kila jioni anayoitumia kutunga maswali kwenye Moodle ni jioni aliyoinyima makala. Akipakia silabasi moja na kuondoka, amepiga hesabu yake sawasawa.

Machi 2020 ilituonyesha jambo hili. Vyuo vya Tanzania vilifungwa kwa sababu ya korona na kufunguliwa tena 1 Juni. Vingi vilisubiri tu, ingawa mifumo ilikuwepo kwa miaka. Kenya, ambako kufungwa kulidumu zaidi, vyuo kadhaa vililazimika kufundisha mtandaoni. Mashine hazikuwa zimebadilika ndani ya wiki mbili. Kilichobadilika ni kwamba kufundisha mtandaoni kuliacha kuwa kazi ya ziada kukawa ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo, idara iandike mambo haya na mkuu wa kitivo ayasaini:

Muhula wa kujenga kozi, mhadhiri apunguziwe kozi moja au aongezewe msaidizi wa kusahihisha. Kama idara haina uwezo huo kwa wote, ichague kozi mbili tu kwa muhula. Kozi mbili hai kwa muhula ni nane baada ya miaka miwili, na hiyo ni hatua kubwa kuliko kozi themanini zilizofunguliwa na kulala.

Kozi ya mtandaoni iliyopitiwa na wenzake ihesabiwe katika kupanda cheo. Hili linahitaji Seneti na Baraza, litachukua muda, hivyo lianze mapema. Wakati linasubiri, barua ya mkuu wa kitivo inayotambua kazi hiyo iingie kwenye faili la mtumishi.

Umiliki usemwe kwa maandishi. Wahadhiri wengi wanaogopa, na wana haki, kwamba noti na sauti zao zitaendelea kutumika wakishahama au mkataba ukiisha, na kwamba chuo kitaona hakiwahitaji tena. Hofu hii husemwa kwenye chai, haisemwi kwenye kikao. Kifungu kifupi kinachoeleza chuo kinaweza kutumia nini, kwa muda gani na kwa idhini ya nani kinaondoa ukimya huo.

Iko hofu nyingine, ya mhadhiri mzee anayeheshimika ambaye hataki kukwama na kompyuta mbele ya vijana. Usimpeleke kwenye semina ya pamoja. Mfuate ofisini kwake, mlango ufungwe, mkae naye na kozi yake. Profesa mmoja mwenye heshima akianza kutumia mfumo, wengine watafuata bila waraka. Huo ndio ushawishi ambao Venkatesh na wenzake waliuweka kwenye orodha yao, na kwenye vyuo vyetu, ambako ukubwa wa mtu una nafasi yake, una nguvu kweli.

Hatua ya 5: Pitisha alama ndani ya mfumo

Mwanafunzi huenda alama ziliko. Vyuo vingi vyetu hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Chukua 10 kati ya zile 40, zigawe kwenye majaribio mafupi matano ya alama mbili mbili, yafanyike kwenye mfumo. Darasa zima litaingia kila wiki mbili, na likiwa ndani litakuta vitini, tangazo na swali la mwenzao kwenye jukwaa.

Anza na kozi yenye watu wengi, kwa kuwa hapo mhadhiri ataonja faida mara moja: mashine inamsahihishia karatasi 300. Kutunga maswali ndani ya Moodle kwa kubofyabofya kunachosha. Iko njia nyepesi inayoitwa Aiken. Andika maswali kwenye Notepad hivi:

Mkataba wa Heligoland na Zanzibar kati ya Uingereza na Ujerumani ulitiwa saini mwaka gani?
A. 1884
B. 1886
C. 1890
D. 1919
ANSWER: C

Acha mstari mmoja wazi, andika swali linalofuata. Maneno ya swali lenyewe yakae kwenye mstari mmoja, na neno ANSWER liwe kwa herufi kubwa, la sivyo faili litakataliwa. Hifadhi kama .txt yenye usimbaji wa UTF-8, ingia kwenye benki ya maswali ya kozi, chagua kuingiza, chagua Aiken, pakia. Maswali 100 yaliyoandikwa kwa Word miaka iliyopita yanaweza kuingia mchana mmoja. Kisha unda jaribio linalomchukulia kila mwanafunzi maswali 15 kwa bahati nasibu, na jirani yake apate mengine.

Wizi wa majibu utaulizwa, tena kwa sauti kubwa, kwenye kikao cha kwanza. Jibu ni kuweka uzito mdogo kwa kila jaribio, kuruhusu kusoma kitini wakati wa kujibu, kumruhusu mwanafunzi alifanye mara mbili na kuchukua alama ya juu. Jaribio la namna hii lipo ili watu wasome kila wiki. Mtihani wa mwisho ubaki ukumbini na wasimamizi. Usianze kwa kuhamishia mtihani mkubwa mtandaoni: umeme ukikatika siku hiyo mara moja tu, umepoteza imani ya chuo kizima kwa miaka.

Lifungue jaribio Alhamisi hadi Jumapili usiku. Dirisha refu linamsaidia aliyekatikiwa umeme, anayesubiri bando, na anayeazima simu ya dada yake.

WhatsApp usipigane nayo. CR aendelee kutangaza, lakini akitangaza kitini atume kiungo cha mfumo, asitume faili. Mkikubaliana hivyo na ma-CR wote wiki ya kwanza, nusu ya kazi ya uhamasishaji imekwisha.

Hatua ya 6: Funza watu kwenye kozi zao wenyewe

Semina ya siku tatu hotelini, yenye slaidi kuhusu historia ya elimu masafa na cheti mwishoni, haiachi kitu. Fanya saa mbili, watu wasiozidi kumi, kila mmoja na kompyuta yake na maswali yake kumi aliyokuja nayo. Asitoke mpaka jaribio lake la kwanza liko hewani na ameliona kwa simu kama mwanafunzi atakavyoliona. Rudi kwao wiki moja kabla ya jaribio hilo kufunguliwa, maana hapo ndipo maswali halisi huibuka.

Hatua ya 7: Andaa seva na njia za mtandao

Mfumo hauanguki kwa sababu wanafunzi ni wengi, huanguka kwa sababu wote wamebofya dakika moja. Dirisha refu la jaribio linapunguza mzigo huu bila kununua chochote. Nakala ya akiba ifanywe kila usiku, ihifadhiwe jengo jingine, na kila muhula mtu ajaribu kuirudisha. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu. Seva na swichi za mtandao zilizoko njiani ziwe na betri ya akiba. Nimeona seva ikiwa hai chini ya jenereta huku swichi ya jengo la pili ikiwa imezimika, na ukumbi mzima hauna mtandao.

Suala la seva ikae wapi lina uzito. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine. Chuo ambacho mfumo wake uko kwenye seva ya hapahapa, wanafunzi walioko kwenye mtandao wa chuo wanaweza kuendelea kuufikia hata njia ya nje ikikatika. Cha seva ya Ulaya au Marekani, hata mwanafunzi aliyekaa mlango wa maabara anategemea waya ulio chini ya bahari. Kama mna wataalamu wa kuitunza, wekeni nyumbani. Kama hamna, mtoa huduma wa ndani ya nchi ni bora, na nakala ya akiba ndiyo ikae nje. Mitandao ya vyuo na taasisi za utafiti, TERNET kwa Tanzania, KENET kwa Kenya na RENU kwa Uganda, ndiko pa kuanzia mazungumzo ya bei.

Hatua ya 8: Awepo mtu wa kumpigia

Kikwazo cha kwanza cha mwaka wa kwanza ni kuingia. Akaunti itengenezwe kutoka kwenye mfumo wa usajili wa chuo, namba ya usajili iwe ndiyo jina la kuingilia, na kozi alizosajili zimtokee zenyewe. Mwanafunzi asitakiwe kwenda ofisi tatu ili aone kozi ambayo ameshailipia ada.

Halafu iwepo namba moja ya simu inayopokelewa jioni, wakati wanafunzi wanafanya kazi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kompyuta wanaweza kuifanya kazi hii kwa zamu, walipwe. Kila swali liandikwe kwenye daftari. Baada ya mwezi daftari hilo litakuonyesha mambo matano ya kurekebisha, na mara nyingi manne ni ya siku moja.

Hatua ya 9: Linda taarifa za watu

Kumbukumbu ulizosoma katika hatua ya kwanza ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Ripoti zako zitaje kozi na idadi, zisitaje majina. Alama zisibandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Kila mtu aone zake kwenye mfumo, na hiyo ni sababu nyingine ya wao kuingia. Mhadhiri naye asitishwe kwa kumbukumbu. Siku watakapohisi mfumo unatumika kuwachunguza, watapakia silabasi zao na kuondoka.

Hatua ya 10: Pima wiki ya nne na ya kumi

Usingoje mwisho wa mwaka. Wiki ya nne hesabu ni asilimia ngapi ya darasa imefanya jaribio la kwanza, na wapigie simu wasiolifanya, kumi tu, uwaulize kilichotokea. Wiki ya kumi rudia, na linganisha kumbukumbu na kalenda ya boom na ya kukatika umeme. Muulize mhadhiri saa zake za kusahihisha zimepungua kwa kiasi gani. Kama hazijapungua, tengenezeni jaribio upya kabla ya kuongeza kozi nyingine.

Idara ya pili ianze muhula unaofuata. Wa kuifundisha awe mhadhiri wa kozi hai kutoka idara ya kwanza, na saa atakazotumia huko ziandikwe kwenye mgawo wake wa kazi tangu siku ya kwanza.